SOMO LA IJUMAA: NENO "ADABU", MAANA YAKE NA ASILI YAKE

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu. Sifa njema zote ni zake, Mola wa viumbe vyote. Sala na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake wote.



Ama baad. Somo la leo limetokana na swali. Vijana wawili wanaosoma sekondari walinijia baada ya sala ya Alasiri, wanabishana. Mwalimu wao wa Kifaransa aliwapa neno étiquette akawaagiza walete maana yake kwa Kiswahili. Mmoja akaandika "adabu". Mwenzake akamcheka, akasema etiketi yeye anaijua tangu utotoni: ni ile karatasi iliyobandikwa kwenye chupa ya dawa, yenye jina la dawa na tarehe ya kuharibika kwake. Wakataka niamue nani kapata na nani kakosa. Mimi nimesomea chuo cha Qur'ani, na Kifaransa changu ni cha kusomea barua za ofisi tu. Tukafungua kamusi pamoja na mwalimu mmoja anayesali nasi, tukakuta wote wawili wamepata. Nikaona swali hili lisiishie pale mkekani.

Neno hilo la Kifaransa limetoka katika kitenzi cha kale chenye maana ya kuchomeka au kubandika. Hapo mwanzo lilikuwa jina la alama iliyochomekwa, kisha la karatasi iliyobandikwa, kwa mfano juu ya mfuko wa hati za mahakama ili ijulikane ndani mna kesi gani. Baadaye likapanda cheo. Katika majumba ya wafalme wa Ulaya, kama lile la Versailles zamani za mfalme Louis XIV aliyetawala Ufaransa kutoka 1643 mpaka 1715, palikuwa na taratibu ndefu sana: nani asimame, nani akae, nani apewe kiti chenye mgongo na nani kigoda, nani amshikie mfalme shati lake anapovaa asubuhi. Taratibu hizo nazo zikaitwa étiquette. Waingereza wakalichukua neno hilo wakalifanya jina la kipande cha karatasi, na ndiko ilikotoka tiketi yetu ya safari.

Basi ndugu msomaji, liangalie neno hilo vizuri. Karatasi ya chupa hubandikwa kwa nje. Yaweza kusema dawa, na ndani mkawa maji ya mto. Wanaonunua vidonge sokoni wanajua ninachosema. Wala sitaji hayo ili kuwacheka Wazungu, maana sisi nasi tuna etiketi zetu. Kanzu ni etiketi. Kofia ni etiketi. Hata alama ya kusujudu kwenye kipaji cha uso, mwenye nayo akiipenda mno, huwa etiketi.

Sasa tuje kwenye neno letu. Adabu ni Kiarabu, adab. Wanazuoni wa lugha wameutafuta mzizi wake kwa njia mbili. Njia ya kwanza imo katika kamusi kubwa iitwayo Lisan al-Arab, ya Ibn Mandhur aliyefariki mwaka 711 wa Hijria. Yeye anaeleza kwamba asili ya neno ni kuita, kualika. Chakula wanachoalikiwa watu huitwa ma'duba, na mwenye kualika huitwa aadib. Adabu ikapata jina hilo kwa sababu inawaita watu waje kwenye mambo ya kusifiwa, na inawazuia wasiende kwenye mabaya. Njia ya pili waliishika baadhi ya wasomi wa Ulaya. Wao walisema adab imezaliwa na neno da'b, yaani mazoea, mwendo uliorithiwa. Neno da'b limo katika Qur'ani, kama katika sura ya 3 aya ya 11 inapotajwa desturi ya watu wa Firauni.

Lakini neno adab lenyewe halimo katika Qur'ani, hata mara moja. Usishtuke. Jina halimo, mambo yenyewe yamejaa. Sura ya 49 inatukataza kuinua sauti zetu juu ya sauti ya Mtume, na aya ya 11 humo inatukataza kudharauliana na kuitana majina mabaya. Katika sura ya 31 Luqman anamuusia mwanawe asiwageuzie watu shavu kwa kiburi na apunguze sauti yake. Katika sura ya 4 aya ya 86 tumeamriwa tukiamkiwa turudishe maamkizi yaliyo bora zaidi, au angalau mfano wake. Na katika sura ya 24, aya ya 27 na ya 28, tumeamriwa tusiingie nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na kuwasalimu wenyewe, na tukiambiwa rudini, turudi. Hodi yenu mnayoipiga kila siku mlangoni kwa jirani ina mizizi mirefu. Abu Musa al-Ash'ari (r.a.) alipiga hodi mara tatu kwa Sayyidna Umar, naye ni khalifa, asijibiwe, akageuka kwenda zake kwa kufuata alivyofundishwa na Mtume. Sisi tukiambiwa na mtoto "baba amelala" tunanuna wiki nzima.

Mimi katika zile njia mbili nimeipenda ile ya karamu, na nitakwambia kwa nini. Imepokewa kutoka kwa Abdallah bin Mas'ud (r.a.) kuwa aliifananisha Qur'ani na karamu ya Mwenyezi Mungu, akawahimiza watu wachukue humo kiasi wanachoweza. Neno alilolitumia ni hilo hilo, ma'duba. Na ukitaka kuona adabu ikifundishwa mahali ilipozaliwa, yaani penye chakula, soma habari ya Umar bin Abi Salama, waliyoipokea Bukhari na Muslim. Alikuwa mtoto aliyelelewa nyumbani kwa Mtume (s.a.w.), mama yake akiwa Ummu Salama. Walipokuwa wakila, mkono wake ulikuwa ukizunguka sinia nzima, mara huku, mara kule. Watoto wetu wanafanya hivyo hivyo wakiona nyama iko upande wa pili. Mtume hakumpiga mkono, wala hakuliondoa sinia, wala hakumfukuza akale jikoni. Alimwita "kijana", akamfundisha mambo matatu: ataje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho karibu naye. Basi. Na huyo Umar alipokuwa mtu mzima akasimulia kwamba tangu siku ile hakuacha kula namna hiyo. Neno moja, kwa sauti ya upole, likakaa umri mzima.

Hapa niwatahadharishe kidogo. Kuna maneno yanayosikika sana katika hotuba, kuwa Mtume alisema Mola wake ndiye aliyemtia adabu, akaifanya nzuri adabu yake. Maana yake ni sahihi, lakini wataalamu wa hadithi wamesema upokezi wake ni dhaifu. Mwenye kuhutubu asiyaseme kana kwamba yamo katika Bukhari. Hiyo nayo ni adabu, kutomsemea Mtume tusichokuwa na hakika nacho.

Hadithi iliyo thabiti ni hii, aliyoipokea Abu Musa. Mtume (s.a.w.) alitaja watu watakaolipwa ujira mara mbili, na mmoja wao ni mtu aliyekuwa na mjakazi, akamfundisha na kufanya uzuri katika kumfundisha, akamtia adabu na kufanya uzuri katika adabu yake, kisha akamwacha huru na kumuoa. Angalia kitenzi kilivyotumika. Kutia adabu hapo kuko pamoja na kusomesha, na mwisho wake ni mtu kutoka utumwani. Katika zamani za makhalifa, mwalimu wa nyumbani aliyewasomesha watoto lugha, mashairi, historia na mwenendo mwema aliitwa mu'addib, mwenye kutia adabu. Na mpaka leo katika nchi za Kiarabu, adab ni jina la fasihi, na kitivo cha chuo kikuu wanakosoma lugha na historia huitwa kitivo cha aadaab.

Je, sisi tukisema "nitakutia adabu" tunakusudia kumsomesha mtu mashairi? Kila mtu hapa anajua tunachokusudia. Tunakusudia fimbo.

Sijui ilianza lini, lakini naona njia iliyopita. Katika Kiswahili yako maneno mawili yanayokaribiana sana kwa sauti: adabu na adhabu. Huku kwetu wengi wetu hatuitamki "dh", tunasema azabu, na hata hivyo mtoto mdogo akiyasikia kwa haraka hayapambanui. Kwa Kiarabu hayana udugu wowote. Adab inaandikwa kwa hamza, dal na ba. Adhabu inaandikwa kwa ain, dhal na ba. Katika herufi tatu imefanana moja tu, ya mwisho. Mwanafunzi wa juzuu ya kwanza anaweza kukuonyesha kwenye ubao wake. Lakini katika vinywa vyetu, na katika mikono yetu, tumeyafunga ndoa. Tunaleta na methali ya ushahidi: samaki mkunje angali mbichi. Methali imesema kukunja. Aliyewahi kukausha samaki anajua kwamba samaki mbichi hukunjwa taratibu kwa vidole, ukimpiga anapasuka.

Sisi watu wa mashariki ya Kongo tuna neno jingine ambalo ni ndugu wa adabu, nalo limo hata katika jina la lugha yetu. Kiswahili chetu wazee walikiita Kingwana, yaani lugha ya waungwana. Muungwana huko pwani alikuwa mtu huru, asiye mtumwa, mwenye kwao, na kwa hiyo mwenye mwenendo wa kiungwana: anaamkia, anakaribisha, hasemi ovyo. Zanzibar katika karne ya 19, zamani za masultani kutoka Oman, lilishika nguvu neno ustaarabu, ambalo asili yake ni kujifanya kama Waarabu. Lakini huku bara misafara iliyofika Nyangwe na Kasongo, katika Maniema, ilileta jina la wangwana. Wengi waliobeba jina hilo walikuwa Wanyamwezi, Wamanyema na watu wa pwani, na baadhi yao walizaliwa watumwa. Jina hilo lilikuwa kwao kama nguo mpya. Na Waislamu wengi wa Kivu leo asili yetu ni huko Maniema, na herufi zetu za kwanza tulifundishwa na walimu waliotoka huko.

Nami sitaki kukueleza nusu ya habari. Dini ilikuja huku pamoja na chumvi, vitambaa na msahafu. Iliandamana pia na bunduki na minyororo, wala haitufai kitu kuficha. Tarehe 15 Julai 1871 huko Nyangwe, kwenye ukingo wa mto Lualaba, palikuwa na siku ya soko. Soko lile lilikuwa kubwa, na wengi waliolijia walikuwa wanawake, wengine wakivuka mto kwa mitumbwi na samaki, mafuta na vyungu. Daktari David Livingstone, Mskochi aliyekuwa akikaa pale, aliandika aliyoyaona. Aliwaona watu watatu wa mfanyabiashara aitwaye Dugumbe wakiingia sokoni na bunduki. Jambo hilo lilimshangaza, kwa kuwa haikuwa desturi kuingia na silaha sokoni, na mmoja wa watu wake akawakemea. Alidhani ni ugeni wao tu. Alipokuwa anaondoka akamwona mmoja wao anabishana bei ya kuku na kumnyang'anya mwenyewe. Hajafika mbali, bunduki zikalia katikati ya watu. Waliokimbilia mitumbwi walipigwa risasi majini, wengi wakazama. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400.

Kwa ajili ya kuku.

Wauaji wale, ukiwauliza, walikuwa waungwana. Walikuwa na kanzu. Huenda baadhi yao walikuwa na tasbihi. Na wale wanawake wa soko, ambao wangwana waliwaita washenzi, ndio waliokuwa wameishika adabu ya mahali pale: sokoni mtu anakuja na bidhaa yake na mdomo wake wa kupatana bei, silaha inabaki nyumbani. Wazee wetu waliosema kuwa uungwana ni vitendo hawakusema bure.

Mbona nimekupeleka mbali mpaka Nyangwe? Kwa sababu ya soko letu. Wewe unayepita kila siku kwenye barabara ya kutoka Mweso kwenda Pinga unazijua kamba zinazofungwa kati ya miti miwili. Tangu mapigano yaliyofika hapa Kalembe mwezi wa Oktoba 2024, na hata kabla yake, tumeona mikono mingi ikishika kamba hizo. Sitaji kundi lolote, na msomaji asinitafutie kundi katika maneno haya. Nataka usikilize neno linalosemwa pale kwenye kamba. Mama amebeba mihogo, hana franka za kupitia. Anaambiwaje? "Tutakutia adabu." Neno la karamu ya Mwenyezi Mungu limekwenda kukaa pale.

Na mimi ninayeandika nina fungu langu. Nilijifunza chuoni kwa fimbo kama wengi wa umri wangu. Baba yangu alinipeleka kwa mwalimu, mkono mmoja kanishika mimi, mkono wa pili kashika kifimbo cha kumkabidhi mwalimu. Sikumlaumu na simlaumu leo, Mwenyezi Mungu amrehemu. Nilipokuwa mwalimu nilishika kile nilichokikuta. Miaka kadhaa nyuma palikuwa na mtoto katika chuo changu aliyechelewa siku tatu mfululizo. Siku ya tatu sikumuuliza kitu. Nilimpiga mbele ya wenzake, na kila nilipomshushia fimbo nilisema ninamtia adabu. Baadaye mama mmoja akaniambia kuwa nyumbani kwao walikuwa wamepokea familia ya waliokimbia vita, watu wengi katika chumba kimoja, na yule mtoto ndiye aliyekuwa akitumwa kuteka maji ya wageni kabla ya kuja chuoni. Yaani alikuwa akihudumia karamu. Mimi nikampiga kwa hilo. Hakurudi tena.

Zikapita wiki. Nikawa natoka kumzuru mgonjwa, nikapita njia ya chini, kwenye migomba. Watoto walikuwa wanacheza. Walikuwa wamefunga kamba ya mgomba kati ya miti miwili, wanacheza barieri. Wadogo wanapita na majani kichwani yakiwa ndiyo mizigo, na mkubwa wao amesimama na kijiti begani, anadai. Alikuwa yule yule wa kwangu. Mtoto wa miaka minne au mitano akapita bila kutoa kitu, yule mkubwa akamshika sikio, akasema "ninakutia adabu", kwa sauti niliyoitambua. Haikuwa sauti ya askari wala ya mwenye bunduki. Ilikuwa sauti yangu. Hata kule kuvuta neno mwishoni nivutavyo mimi, alikuwa nako.

Ndugu zangu, siku ile sikuweza kula.

Najua mzazi mmoja atainuka na kusema: Imamu, mbona Abu Daud amepokea kuwa mtoto aamrishwe sala akiwa na miaka saba, na apigwe kwa ajili yake akifika kumi? Ni kweli, imepokewa. Lakini hesabu vizuri. Kati ya saba na kumi ni miaka mitatu ya kuamrisha tu, na kila siku ina sala tano. Nani kati yetu amemwambia mtoto wake mara elfu tano kwa upole kabla ya kumgusa? Na wanazuoni walioieleza hadithi hiyo wameweka mipaka: isiwe usoni, isiumize, isiachie alama, isiwe kwa hasira. Hasira ndiyo yangu ilivyokuwa. Na huyo aliyeyasema hayo mwenyewe alifanyaje? Bibi Aisha (r.a.), katika hadithi ya Muslim, ametueleza kuwa hakupata kumpiga mwanamke wala mtumishi kwa mkono wake. Anas bin Malik alipelekwa kumtumikia akiwa mtoto, akakaa naye miaka kumi, naye anashuhudia kuwa hakuambiwa "ah!" hata siku moja, wala hakuulizwa kwa nini umefanya hili au kwa nini hukufanya lile. Miaka kumi, na mtoto ni mtoto. Lazima alivunja kitu, lazima alisahau alichotumwa.

Au mchukue yule bedui aliyesimama ndani ya msikiti wa Mtume akakojoa. Masahaba walimwinukia kwa ukali. Mtume akawazuia wamwache amalize, akaagiza ndoo ya maji imwagwe mahali pale. Najiuliza, mtu akifanya hivyo Ijumaa hii kwenye mkeka wetu, atatoka mzima?

Tena hili wanazuoni waliliona zamani. Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 808 wa Hijria, aliweka mlango mzima katika Muqaddima yake kuhusu ukali kwa wanafunzi, akasema unawadhuru, hasa watoto wadogo. Mtoto anayelelewa kwa kutishwa hujifunza uongo na hila ili mkono usimfikie, anakuwa mvivu, na uongo huo unageuka kuwa tabia yake. Akasema na mataifa yaliyotawaliwa kwa mabavu huwa hivyo hivyo. Nasi hapa Kivu tunaweza kumshuhudia. Na sheria ya nchi yetu ya kulinda mtoto, namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, nayo inaadhibu ukatili juu ya mtoto, hata kama karatasi yake haijafika katika kila kijiji.

Yule mtoto nilimfuata. Sikumfuata siku ile ile, maana niliona haya, nami nina umri wa kuwa babu yake. Nilikwenda siku ya pili yake mpaka kwao. Nilipiga hodi. Nikamsalimu yeye kwanza, kabla ya baba yake, kwa kuwa imethibiti kutoka kwa Anas kwamba Mtume (s.a.w.) akiwapitia watoto alikuwa akiwatolea salamu. Nikamwambia mbele ya baba yake na mbele ya wale wageni kuwa nilikosea. Baba yake hakupenda. Aliniambia, mwalimu, ukisema hivyo mtoto atakudharau. Huenda ni kweli. Mtoto mwenyewe aliitikia salamu, akachukua ndoo yake akatoka. Chuoni hajarudi, na mimi sitamlazimisha. Tukikutana njiani ninamtangulia kwa salamu. Mara nyingine anaitika.

Chuo cha watoto kitaendelea, in shaa Allah, Jumamosi na Jumapili baada ya sala ya Adhuhuri, wavulana na wasichana. Mzazi amlete mtoto na ubao wake na kalamu yake. Asilete fimbo. Na mtoto akichelewa, mwalimu atamuuliza alikuwa wapi, kisha atasubiri jibu.

Wabillahi tawfiq.

Karatasi hii ina jina la Mwenyezi Mungu na majina ya Mitume. Usiisome khatibu akiwa juu ya mimbari. Ukishaimaliza mpe jirani, usiitupe chini wala usifungie karanga.